Moshi wa buluu na kijiko cha oili: pima injini kuukuu kabla ya kuifungua

Assalaam aleikum. Gereji moja hapa Mombasa iliniambia ringi za gari langu, yaani vile vipete vya pistoni vinavyozuia oili, zimekwisha. Nikanunua ringi, nikalipia injini nzima ifunguliwe, na moshi ukabaki vilevile. Kumbe ni sili za vali tu, vile vijimpira vinavyozuia oili isiteremke kwenye vali, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Pesa ile bado inaniuma, ndiyo maana naandika.

Anza na moshi. Mweusi ni mafuta mengi na hewa kidogo. Tazama chujio la hewa, na kwa dizeli, nozo zinazonyunyiza mafuta. Mweupe usiokatika hata injini ikipata moto, huku rejeta ikipungua maji, shuku gaskiti ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku.

Wa buluu ni oili inaungua, na hapa ndipo watu hupoteza pesa. Angalia unatoka wakati gani. Umekaa foleni ya feri Likoni injini inanguruma, ukiondoka linatoka wingu moja kisha linakatika: sili za vali. Vivyo hivyo ukiteremka Mazeras bila kukanyaga mafuta, halafu ukakanyaga. Ukifuka mfululizo kila gari linapovuta mzigo, shuku ringi.

Sasa kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini iwe na moto, betri imejaa. Toa fyuzi za moto wa plagi na pampu ya mafuta, kisha chomoa plagi zote uzipange kwa zamu ya silinda. Ile iliyolowa oili nyeusi imeshakuonyesha pa kuanzia. Kaza geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi ya kwanza, mwenzio akanyage aksleta mpaka chini, apige stata mizunguko mitano hivi. Andika namba, nenda tundu la pili.

Injini nyingi za petroli zikiwa nzima husoma psi (kipimo cha mgandamizo) 150 hadi 190. Mimi hutazama zaidi tofauti kati ya silinda. Zote nne zikiwa 140, gari la zamani bado linatembea. Lakini 165, 160, 95, 160? Hiyo ya tatu ni mgonjwa.

Mimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye tundu la silinda hiyo, pima tena. Sindano ya geji ikipanda sana, ni ringi, kwa sababu oili imeziba nafasi kwa muda. Isipopanda, ni vali au gaskiti. Mbili zinazopakana zikishuka pamoja, gaskiti imekatika katikati yao.

Maswali

Fundi, yangu haikupanda. Nitajuaje ni vali au gaskiti?
Dada, pandisha pistoni juu kabisa vali zikiwa zimefunga, ingiza gia, vuta hendibreki, puliza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi. Mikono iwe mbali na feni. Hewa ikilia kwenye eksozi au upande wa chujio, ni vali. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, gaskiti.

Nina pikapu ya dizeli, geji hiyo yafaa?
Hapana kaka. Dizeli hufika psi 400 na zaidi, utaiharibu. Tafuta geji ya dizeli, na usimwage oili ndani: inaweza kuwaka yenyewe, au ikizidi ikapinda koni rodi, chuma kinachoshika pistoni.

Naongeza maji ya kisima kwenye rejeta, kuna ubaya?
Upo, mzee wangu. Visima vyetu vingi vya kisiwani vina chumvi, nayo hula silinda hedi ya aluminiamu palepale gaskiti inapokalia. Yamwage yote, suuza, uweke kulanti, maji maalumu ya kupoza injini.