Kabla ya kuvuta trela kwenye milima mirefu

Lori linalovuta trela bila shida tambarare linaweza kuhema kwa mzigo uleule likifika mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Halijaharibika, limekosa hewa. Kwenye kimo hicho shinikizo la hewa limeshuka kwa takriban asilimia 30, na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 inazopanda. Tabo husaidia sana, lakini nayo hufanya kazi ngumu zaidi na kupata joto zaidi. Na kuna barabara za malori zinazopanda kuliko hapo: Ticlio, nchini Peru, inavuka mita 4,800.

Kwa hiyo anza na mzani, siku kadhaa kabla ya safari. Usikisie uzito kwa macho. Pima lori na trela pamoja, tangi likiwa limejaa na watu wakiwa ndani, kisha fungua kitabu cha gari. Baadhi ya watengenezaji huagiza uzito wa jumla upunguzwe kwa asilimia 2 kwa kila mita 300 za mwinuko. Gari lililoruhusiwa tani 10 huko chini, kwenye mita 3,000 libaki na tani 8 hivi. Inauma kuacha mzigo nyuma, lakini uache.

Rejeta ndiyo inayofuata. Kwenye mita 3,000 maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko, hivyo kifuniko chenye mpira uliochoka kibadilishwe kabla ya kuondoka. Kagua belti, feni na mipira ya maji, na usafishe uso wa rejeta.

Breki zinastahili muda wako mwingi kuliko vyote, maana mlima humwadhibu dereva wakati wa kushuka. Breki zilizokandamizwa muda mrefu hupata joto mpaka zikaacha kushika. Jaribu breki za trela peke yake, zisitegemee za lori. Kama lori lako linatumia breki za upepo, fahamu kwamba kompresa huchukua muda zaidi kujaza matangi huko juu. Simama kileleni, gusa kila kitu kilichofungwa, chagua gia nzito, yaani ya namba ndogo, kabla mteremko haujaanza, na uiachie injini izuie mwendo. Mwendo ukizidi ule salama, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka upungue kama kilomita 8 kwa saa chini yake, kisha achia. Usiuweke mguu juu ya pedali njia nzima.

Matairi yapimwe upepo yakiwa baridi, la akiba likiwemo, na nati zikazwe. Kwa trela ndogo ya kuning'inizwa kwenye ndoano, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ikae kwenye ndoano. Mzigo ukielemea nyuma, trela itayumba.

Mwisho, mwili wa dereva. Kuanzia mita 2,500 hivi, mtu asiyezoea anaweza kuumwa kichwa, kupata kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Dawa kuu ya ugonjwa huo ukizidi ni kushuka chini, na anayeona kizunguzungu hawezi kuushusha mzigo ule salama. Ndiyo maana ningemchukua dereva wa pili, hata kama safari ni ya siku moja.