Somo: Kuandika toleo na muda wa ujenzi ndani ya programu dhibiti

Vipima-maji sita nilivyofunga juu ya matangi vilipoulizwa toleo la programu vilijibu vyote "1.0", ingawa vitatu vya mwisho nilivipa programu iliyorekebishwa. Namba nilikuwa naiandika kwa mkono, nikasahau kuibadilisha. Ilibidi nivishushe vyote na kuvipakia upya. Tangu siku hiyo namba ya toleo inatoka Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi.

Hatua ya 1. Tengeneza faili toleo.c lenye mstari huu tu:

```
const char toleo[] = "TOLEO:" NAMBA " " MUDA;
```

Hatua ya 2. Kwenye Makefile (faili la maelekezo ambalo programu ya Make hulifuata kujenga) ongeza:

```
NAMBA := $(shell git describe --tags --always --dirty)
MUDA := $(shell date -u +%Y-%m-%dT%H:%MZ)
toleo.o: CFLAGS += -DNAMBA='"$(NAMBA)"' -DMUDA='"$(MUDA)"'
toleo.o: LAZIMA
.PHONY: LAZIMA
LAZIMA:
```

Git itatoa kitu kama v1.2-4-g3f9a1c7: lebo ya mwisho, komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa Git) nne baada yake, na baada ya herufi g, mwanzo wa alama ya komiti yenyewe. Ukiona -dirty mwishoni, kuna mabadiliko hujayakomiti. Kifaa chenye neno hilo sikipeleki kwa mteja kamwe.

Hiyo LAZIMA ndiyo roho ya somo. Wengi hutegemea `__DATE__` na `__TIME__`, lakini makro hizo hujazwa faili linapokompailiwa (kugeuzwa kuwa lugha ya mashine), na Make hairudii faili ambalo halijaguswa. Unarekebisha pampu.c leo, kifaa kinaendelea kutangaza tarehe ya wiki iliyopita! LAZIMA huifanya Make ikompaili toleo.c kila mara. Nayo `-u` huandika muda wa UTC, saa 3 nyuma ya wetu wa Afrika Mashariki, ili kompyuta zote ziongee saa moja.

Hatua ya 3. Kifaa kikiwaka, kichapishe toleo:

```
extern const char toleo[];
printf("%s\n", toleo);
```

Usiiruke. Ukijenga kwa `-fdata-sections` na `--gc-sections`, linka (programu inayounganisha mafaili yaliyokompailiwa) hutupa data isiyotumika popote, na toleo litaondoka nayo.

Hatua ya 4. Kagua kabla ya kupakia:

```
strings programu.bin | grep TOLEO:
```

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Faili langu ni toleo.cpp, linka inasema haioni toleo.*

Marahaba. Katika C++, const ya nje ya funksheni hubaki ndani ya faili lake. Tanguliza `extern` kwenye mstari wa hatua ya 1.

*Kaka, kila nikijenga .bin inatofautiana, na kodi ni ile ile. Nitathibitishaje kwamba kifaa cha mteja kimetoka kwenye kodi hii?*

Kinachobadilika ni MUDA. Weka muda wa komiti badala yake: `git log -1 --format=%cI`. Kwa mpangilio huu, kompaila ikiwa ile ile na hakuna `__DATE__` iliyojificha kwingine, .bin zitalingana.

*Mimi natumia ESP-IDF (zana za kujengea programu za chipu za ESP32). Nifanye yote haya?*

Hapana, ndugu. Usipoweka PROJECT_VER wala version.txt, yenyewe huchukua namba kutoka Git. Isome kwa `esp_app_get_description()->version`.