Kompresa ya mifuko ya upepo: namna ya kuvuta umeme wake

Wakuu, kazi ya mifuko ya upepo (ile inayobeba gari badala ya springi) ina mengi, ila kinachoweza kuunguza gari ni waya. Kompresa ya kawaida ya volti 12 inayojaza tangi inavuta karibu ampea 20 presha ikiwa juu. Umeme huo usipite kwenye swichi ya dashibodi hata siku moja. Tumia rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa.

1. Fungua terminali hasi ya betri.

2. Vuta waya wa shaba wa nyuzi nyingi, milimita za mraba 6. Kwa kompresa iliyo mita 5 kutoka kwenye betri, waya huo unapoteza karibu volti 0.3. Ukitumia wa 2.5 unapoteza karibu 0.7, na kompresa itachoka bure.

3. Fyuzi ya ampea 30 ikae palepale kwenye betri, isizidi sentimita 20. Mafundi wengi huifunga nyuma, karibu na kompresa. Hapana! Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Waya ukichubuka katikati ya njia na kugusa bati, fyuzi ya kule mwisho haikati chochote. Kila unapotoboa bati, weka mpira kwenye tundu.

4. Rilei ya ampea 40: pini namba 30 ipokee moto (umeme wa chanya) kutoka kwenye fyuzi, namba 87 iende kompresa, 85 kwenye bodi ya gari. Kwa 86, chukua moto unaokuja ufunguo ukiwashwa, upitishe kwenye fyuzi ya ampea 5, kisha swichi ya presha ya tangi. Swichi ya 110/145 inawasha kompresa upepo wa tangi ukishuka hadi psi 110, inaizima ukifika 145. Ukichomoa ufunguo, kompresa haiwezi kuamka usiku ikamaliza betri.

5. Hasi ya kompresa: kwangua rangi ya bodi mpaka chuma king'ae, kaza kwa bolti, paka grisi juu.

MASWALI

Mkuu, siwezi kuchukua moto kwenye tundu la kiberiti cha gari?
Usijaribu. Tundu hilo kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 au 15. Itakatika, na ukiweka kubwa zaidi utaunguza nyaya za dashibodi.

Fuso yangu ni volti 24. Nichukue 12 kwenye betri moja?
Betri hiyo itakuwa inaishiwa chaji huku mwenzake akizidishiwa, na zote zitakufa mapema. Nunua kompresa ya 24.

Yangu inafanya kazi injini ikiwaka tu. Ikizimwa, rilei inalia tik-tik-tik.
Kompresa ikijaribu kuwaka, volti zinaanguka na rilei inaachia. Pima kwa mita kwenye betri muda huohuo. Zikishuka sana hapo, betri imechoka. Zikibaki 12 na kitu, rudi kwenye bolti ya bodi, kisha pima waya unaoingia pini 86.