Waini nyekundu ya bei nafuu: ipoze kidogo ndipo uihukumu

Kwa joto la Kigoma, chupa iliyoshinda rafuni mchana kutwa hufika nyuzijoto 27 au zaidi, na ukiionja hivyo utaidharau bure. Iweke kwenye friji kama saa moja au zaidi kidogo, ishuke hadi nyuzi 16 au 18, ndipo umimine kidogo uonje. Waini ikiwa na joto, kileo hupanda haraka puani na kufunika harufu ya tunda, na mdomoni inakuwa nzito, imepooza. Ikipoa kiasi, uchachu hujitokeza na ladha huchangamka. Hapo ndipo waini ya Dodoma ya zabibu za Makutupora inapopata haki yake mbele ya zile za Afrika Kusini zenye bei kubwa zaidi. Ukilinganisha mbili, zipoze pamoja. Ila usipitilize: ikiwa baridi kama soda, harufu hujificha na ule ukakasi unaokausha ulimi huzidi. Na chupa iliyopigwa jua dirishani mwa duka haiponi kwa friji. Ikinuka siki au matunda yaliyopikwa, imeshaharibika. Mimi huomba ya nyuma ya rafu, iliyokaa kivulini.