Kujiandaa kwa kipimo cha DEXA: kumbuka kwanza tarehe ya CT yako ya mwisho

Hivi karibuni nilimsindikiza mama yangu kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa ajili ya DEXA, kipimo cha eksirei kinachoonyesha wingi wa madini ya mfupa, tukarudi bila kupimwa, kwa sababu siku nne kabla yake alikuwa amefanyiwa CT ya tumbo (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) na kunyweshwa dawa ya rangi inayosaidia viungo kuonekana pichani. Nauli tulilipa mara mbili, na mama, ambaye mgongo humuuma akikaa muda mrefu ndani ya basi, alisafiri safari ambayo haikuwa na lazima. Ninaandika haya ili mzazi wa mtu mwingine asisumbuke hivyo.

Barua ya daktari itaje sehemu za kupimwa, ambazo kwa kawaida ni uti wa mgongo sehemu ya kiunoni na nyonga, pamoja na sababu: mfupa uliovunjika kwa kuanguka kidogo tu, hedhi kukoma mapema, au matumizi ya prednisolone (dawa ya steroidi) kwa miezi mitatu au zaidi, kama ilivyokuwa kwa mama. Anayetaka kujua pia kiasi cha mafuta na misuli aombe jambo hilo liandikwe waziwazi, kwa kuwa upimaji wa mwili mzima hufanyika peke yake, ingawa mashine ni hiyohiyo. Anayelipiwa na bima apate kibali kabla ya kukata tiketi.

Siku ya kupanga miadi ndiyo iliyotugharimu. Usisubiri kuulizwa, taja mwenyewe tarehe ya CT yoyote yenye dawa ya rangi, ya eksirei ya tumbo iliyotumia bariamu, au ya kipimo cha nyuklia (kinachotumia dawa yenye mionzi). Mashine ya DEXA hupitisha mionzi ya eksirei ya nguvu mbili tofauti, kisha hukadiria madini ya mfupa kwa kuangalia ni kiasi gani cha mionzi kilichozuiwa njiani. Dawa iliyosalia tumboni hukaa mbele ya uti wa mgongo na kuzuia mionzi kama mfupa unavyoizuia, hivyo mfupa dhaifu unaweza kusomeka kuwa imara na mgonjwa akakosa matibabu anayoyahitaji. Kwa hiyo fundi aliyeturudisha alitutendea haki. Swali la tarehe ya CT lilipaswa kuulizwa kwenye simu tulipopanga miadi. Vituo vingi hutaka zipite siku 7 hadi 14. Ikiwa daktari ameagiza vipimo vyote viwili, mwombeni DEXA itangulie, kwa sababu yenyewe haiharibu CT inayofuata.

Vidonge vya kalsiamu navyo visimezwe saa 24 kabla ya kipimo, kwa sababu kidonge ambacho hakijayeyuka huonekana pichani. Dawa nyingine ziendelee kama daktari alivyoelekeza. Kwa mifupa peke yake chakula hakizuiwi, lakini anayepimwa mafuta na misuli ni vyema aje asubuhi kabla ya kula, asifanye mazoezi mazito kabla ya kipimo, na aende haja ndogo kwanza, kwa kuwa mashine huhesabu maji na chakula pamoja na misuli.

Mavazi yasiwe na zipu, vifungo vya chuma wala mkanda, na sidiria yenye waya ivuliwe. Mama zetu wakumbushwe kuvua shanga za kiunoni, pini, na sarafu zilizofungwa kwenye pindo la khanga, maana vyote hivyo hukaa palepale panapopigwa picha. Mwenye ujauzito, au anayeudhani, aseme kabla ya kuingia, ingawa mionzi yenyewe ni midogo sana.

Ndani hupimwa urefu na uzito, kisha mtu hulala chali kwa takriban dakika 10 hadi 20 bila sindano na bila kuingizwa kwenye tundu. Mwambie fundi kuhusu nyonga ya bandia au vyuma vya mgongoni, ili achague upande mwingine au apime mkono. Mama aliwahi kuvunjika mkono wa kushoto, na kwa kuwa tulisema, tuliporudi mara ya pili alipimwa wa kulia.

Ombeni majibu yenye tarakimu na picha, si neno «kawaida» peke yake. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi na kwa mwanamume wa miaka 50 na zaidi, alama ya T (inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya) kuanzia -1.0 kwenda juu ni ya kawaida, kati ya -1.0 na -2.5 madini ya mfupa yamepungua, na -2.5 au chini yake ni osteoporosisi, yaani mifupa dhaifu inayovunjika kwa urahisi. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na jina la kituo, kwa sababu kipimo cha marudio kinapaswa kufanyika kwenye mashine ileile. Tarakimu za mashine mbili tofauti hazilinganishwi moja kwa moja.