Kabla hujakimbilia kusajili Delaware

Wenzangu mnaoanzisha kampuni changa hapa Dar, msisajili Delaware, jimbo la Marekani, kwa sababu tu fulani kafanya hivyo. Jiulize kwanza: wateja wako wako wapi, na mtaji utatoka kwa nani? Kama vyote viko Tanzania, BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, inakutosha, na maombi unayafanya mtandaoni. Ila sajili kampuni ya hisa, usiishie kwenye jina la biashara. Jina la biashara halikutenganishi na madeni yake: mambo yakikwama, mdai anafuata hadi mali zako binafsi. Tena mwekezaji hatakuta hisa za kununua humo.

Delaware ina maana pale mwekezaji wa Marekani anapoitaka. Kufungua ni rahisi, kinachouma ni gharama za kila mwaka. Kampuni ya hisa hulipa kodi ya jimbo ifikapo Machi 1. Ukiwa umeidhinisha hisa milioni 10 (idadi ya juu ambayo kampuni inaruhusiwa kutoa), bili inayokokotolewa kwa idadi hiyo inaweza kusoma zaidi ya dola 85,000! Usilipe. Kokotoa upya kwa njia ya pili, inayoangalia mali za kampuni; kwa kampuni changa mara nyingi inashuka hadi dola 400.

Na ukichagua LLC (kampuni ya Marekani ya dhima yenye kikomo, isiyo ya hisa) ukiwa mmiliki pekee usiye Mmarekani, usisahau Fomu 5472 ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ya kuripoti miamala kati yako na kampuni. Hata pesa uliyoingiza mwenyewe kuanzishia inahesabika kama muamala wa kuripoti, na faini ya kutoiwasilisha ni dola 25,000, hata kama hujauza kitu.