Kabla ya kumfungulia mwanafunzi mtandao: mambo ya kuzingatia nyumbani na darasani Mombasa

Kila likizo inapokaribia, wazazi wa Mombasa huulizana swali lile lile kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa: kuna tovuti gani nzuri ya kumsaidia mtoto kusoma na kuandika? Majibu hayakosekani. Viungo humiminika, kila mzazi na chake, na baada ya wiki moja hakuna anayevikumbuka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ninavyoona, vifaa vya bure vya kusomea vipo tele. Kinachokosekana ni maandalizi kabla ya mtoto kukabidhiwa simu. Hapa nitaeleza yale ambayo mzazi au mwalimu ayaweke sawa kwanza.

Anza na kazi, tovuti itafuata. Amua mtoto atafanya nini na kile alichokisoma. Kumwambia mtoto wa Gredi ya 4 "shika simu usome hadithi" hakumpi sababu ya kufika ukurasa wa mwisho. Mwambie kwamba baada ya chakula cha usiku atamsimulia nyanya yake hadithi hiyo, na nyanya atamwuliza maswali, uone atakavyorudia kurasa. Kwa wakubwa waliomo bado kwenye mfumo wa zamani wa 8-4-4 na wanaojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kazi ichimbwe kutoka kwenye udhaifu wao halisi. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni insha mbili, jumla alama 40. Karatasi ya pili ina alama 80, na kati yake ufahamu una 15 na ufupisho 15. Kijana anayepoteza alama kwenye ufupisho hana haja ya kutazama video ya saa nzima inayomweleza ufupisho ni nini. Anahitaji makala ya habari yenye aya nne au tano, kalamu, kikomo cha maneno, na mtu wa kumhesabia. Chukua karatasi zake za mtihani zilizosahihishwa, uketi naye, muone pamoja alama zinavujia wapi. Hapo ndipo utakapojua unatafuta nini mtandaoni.

Kisha pima lugha na kiwango. Kwa watoto wadogo mimi huanzia African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ambao tovuti yake ilifunguliwa 2014. Una vitabu vya picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na vimepangwa kwa ngazi, kuanzia vyenye maneno machache kwa kila ukurasa hadi vyenye aya ndefu. StoryWeaver, iliyoanzishwa na Pratham Books ya India 2015, ina utaratibu unaokaribiana na huo. Ngazi iliyoandikwa kwenye jalada isikutoshe, kwa sababu mtoto mmoja wa Bamburi amelelewa kwa Kiswahili tangu utotoni na mwenziwe wa Changamwe anazungumza lugha nyingine nyumbani; wako darasa moja, lakini hawako ngazi moja. Mwache asome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Akikwama kwenye maneno matano au zaidi, shuka ngazi moja bila kumwaibisha. Akisoma kama maji, panda.

Nawe usome kitabu kizima kabla hujampa. Vingi vya vitabu hivi ni vya dakika tano, kwa hiyo kisingizio hakipo. Vingine vimetafsiriwa na watu wanaojitolea, na mara moja moja utakuta upatanisho wa ngeli umeyumba au sentensi ambayo hakuna Mswahili angeitamka hivyo. Kitabu cha namna hiyo hakifai kwa mtoto anayeanza, ila kwa wa Gredi ya 7 ni zoezi zuri kabisa: mpe asahihishe.

Kwa waliovuka hadithi za picha, habari za kila siku ni hazina. Idhaa ya Kiswahili ya BBC imekuwepo tangu 1957 na siku hizi huchapisha makala ndefu mtandaoni. Gazeti la Taifa Leo na DW Kiswahili, idhaa ya Ujerumani, nao wana maandishi mapya kila siku. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003 na makala zake hazilingani: nyingine zimeandikwa kwa kina, nyingine ni mistari miwili. Mfundishe mwanafunzi atazame chini ya ukurasa kama kuna marejeo kabla ya kunakili chochote. Kwa upande wa Kiingereza, Project Gutenberg, kazi aliyoianza Michael Hart 1971, ina makumi ya maelfu ya vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha muda, na kituo cha uandishi cha Chuo Kikuu cha Purdue kinaeleza bure namna ya kupanga insha na kutaja vyanzo.

Hapa sina budi kusema jambo moja waziwazi. PDF za vitabu teule vya fasihi zinazozungushwa kwenye makundi ya wazazi ni mali ya waandishi na wachapishaji walio hai. Tukiwafunza watoto fasihi kwa nakala za wizi, tunawafunza pia kwamba kazi ya mwandishi haina bei. Nunua kimoja mkisome zamu kwa zamu, au kiulizie maktaba.

Suala la intaneti yenyewe lishughulikiwe mapema; ukingoja usiku wa kuamkia masomo, umechelewa. Nyaya nyingi za baharini zinazoiletea Kenya intaneti zinatua hapa hapa Mombasa: SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy 2010. Lakini kukaa karibu na waya si dhamana. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini upande wa kusini mwa Afrika, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki yote, sisi tulio ufukweni tukiwemo. Ongeza stima inayopotea na bando linaloisha katikati ya sentensi, utaona kwa nini nasema kila kitu kipakuliwe kabla.

Fahamu pia kinachokula bando. Riwaya nzima ya maandishi matupu haifiki megabaiti moja au huizidi kidogo. Video ya saa moja yenye picha safi inaweza kupita gigabaiti moja. Kwa mzazi anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atasoma wiki moja au jioni moja. Programu ya Kiwix inakuwezesha kuhifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye simu au kadi ya memori na kuisoma bila mtandao. Shule yenye kompyuta moja inaweza kuweka Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality, ikapakia masomo mara moja, kisha simu na tableti za darasani zikayachukua kutoka kwenye kompyuta hiyo bila kugusa intaneti. Mwalimu mwenye projekta na wanafunzi hamsini, hii ndiyo ya kuifikiria kwanza. Kwa mwanafunzi asiye na kifaa kabisa, nenda naye ukaulize katika maktaba ya Kenya National Library Service iliyo Barabara ya Msanifu Kombo: saa za kufungua, masharti ya uanachama, kompyuta zipo ngapi na zinafanya kazi lini. Uliza kabla ya likizo, wakati hakuna foleni. Saiba ya mtaani nayo inafaa kwa kuchapisha. Hadithi ya kurasa kumi na mbili, ikikunjwa na kupigwa pini, ni kitabu.

Kuandika ndiko kunakohitaji maandalizi mengi zaidi, na ndiko tunakokupuuza. Tovuti itampa mwanafunzi mada, mifano na kanuni, lakini haitamsoma. Kabla hajaandika neno, awepo mtu aliyekubali kuisoma kazi yake, awe mjomba, dada aliye chuo, au mwalimu wa jirani, na siku ya kuisoma ijulikane. Mada nayo iwe na msomaji ndani yake. Badala ya "Siku nitakayoikumbuka", mwambie amwandikie binamu yake wa Voi maelezo ya kufika kwenu Likoni kutoka mjini: ashuke wapi, aifuate vipi njia ya kwenda kwenye feri, asimame upande gani, ashike nini mkononi. Binamu akipotea kwenye maandishi, mwandishi atajua papo hapo sentensi ipi haikueleweka. Au aketi jikoni na mama yake mahamri yakiandaliwa, aandike hatua kwa hatua, kisha mtu mwingine ajaribu kupika kwa kufuata maandishi hayo tu.

Jambo la programu za akili mnemba tulizungumze mapema na kwa uwazi, kwa kuwa ChatGPT iko mikononi mwa watu tangu Novemba 2022 na kukataza peke yake hakutoshi. Mkubaliane kabla: nakala ya kwanza ni ya mkono, kwenye daftari. Baada ya hapo programu inaweza kuombwa imwulize mwandishi maswali kuhusu alichoandika, wala isiombwe kumwandikia. Mwonye mtoto pia kuhusu Kiswahili cha programu hizo. Programu hizi zinaweza kuteleza kwenye ngeli, na huweza kuleta methali ambayo haipo, ikiwa imenyooka kiasi kwamba mtoto haoni kasoro. Katika insha ya methali hilo ni balaa. Sheria nyumbani iwe kwamba methali yoyote iliyotoka kwenye simu ithibitishwe na kamusi ya methali au na mzee. Hata kile kistari chekundu cha kusahihisha tahajia kisiaminiwe; mara nyingi simu imewekewa Kiingereza na inapiga mstari chini ya neno lililo sawa.

Masomo ya vyombo vya habari wengi huyaona kama pambo. Mimi nayaona ni ya dharura, hasa tukielekea uchaguzi wa 2027. Mtoto wa Kisauni au Mji wa Kale anapokea habari kwa sauti za WhatsApp na vipande vya TikTok kabla ya gazeti lolote. Maandalizi yako ni kuchagua ujumbe mmoja mapema na kuujua ukweli wake kabla hujauleta mbele ya wanafunzi. Usianze na uvumi wa dini au wa kabila, kwani hasira itameza somo. Anza na kitu kama picha ya mafuriko inayodaiwa kuwa ya hapa. Iweke kwenye Google Lens, mtafute ilionekana wapi mwanzo, na mara nyingi mtaikuta ni ya mwaka mwingine au nchi nyingine. Kisha mfungue tovuti ya kukagua ukweli ya PesaCheck, ambayo huchapisha uchunguzi wake kwa Kiswahili pia, au Africa Check, mwone wachunguzi wa kazi hiyo wanaonyesha vipi hatua zao. Zoezi la pili: tukio moja, vyombo vitatu. Sikilizeni taarifa ya Pwani FM, msome ya Taifa Leo na ya BBC, mwandike nani amehojiwa katika kila moja na nani hakuulizwa.

Wakubwa waelezwe pia kwamba Mombasa ilikuwa na vyombo vyake zamani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alichapisha hapa jarida la Al-Islah 1932 na kulitumia kujadili elimu, mila na hali ya Waswahili chini ya ukoloni. Na anayependa ushairi atafute hati za Kiswahili zilizohifadhiwa chuo cha SOAS, London, ambazo baadhi yake zimewekwa mtandaoni. Nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo mpange pamoja na mtoto wa madrasa aliye hodari. Huyo wa madrasa atashangaa kuona anaweza kusoma Kiswahili cha mababu, ingawa herufi hizo hazikuonyesha kila sauti yetu na itabidi abahatishe kwa maana.

Yaliyobaki ni mafupi. Akaunti ikihitajika, afungue mzazi. WhatsApp na TikTok haziruhusu walio chini ya miaka 13, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kuchakatwa. Picha ya mtoto akiwa na sare ya shule haina kazi mtandaoni. Kwa viziwi, eKitabu ya Kenya imetengeneza hadithi za video kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, na kwa wenye uoni hafifu vitabu vya kidijitali vya EPUB hukuzwa herufi. Mara nyingi simu ni ya mama na biashara yake iko humo, kwa hiyo saa ya kusoma ipangwe mbali na saa za wateja na za madrasa, ikiwa na chaji.

Ijumaa ya kwanza omba uone daftari. Likiwa tupu, punguza kazi iwe nusu, uache vitabu vile vile. Na kadi ya memori ikimaliza zamu kwenu, mpe jirani aipitishe kwa wanawe: leseni za vitabu vya African Storybook na StoryWeaver zinaruhusu kunakili na kugawa, mradi majina ya watunzi na wachoraji yasifutwe.